Ekipe Yenye Kupitia kwa Ukuta

Miye nauzisha karanga nyuma ya goli. Hapana pembeni, hapana kwa mulango fasi batu banaingilia. Nyuma ya goli kabisa, kwa uwanja ya mupira ya huku Majengo, na kitunga yangu na kakopo yangu ya kupimia. Batu banasema, huyu mukaka (kwetu ya Butembo bibi banamuita vile) anajua nini ya mupira? Alisoma deuxième primaire tu. Ni kweli, hata ile ya pili sikuimaliza. Lakini goli ikiingia, mutu wa kwanza kuiona ni nani? Koch? Koch iko mbali kule, anachora mishale kwa karatasi. Ni miye! Balo ikipita gardien inanikuta miye, na mara ingine inamwanga karanga yangu.

Basi niwaelezee ile ekipe ya mabinti ya institi fasi mujukuu yangu anasoma. Mujukuu yangu njo gardien, anakinga goli mwaka wa pili sasa. Gants yake, ile mifuko ya mikono, ni moya tu. Anaifula kila yenga, siku ya Mungu, kisha mechi, anaianika kwa kamba pamoja na kikwembe yangu ya misa. Najua munasema mukaka anasifu damu yake. Mungoje. Angecheza mubaya ningesema, miye sinaka haya.

Ile siku ya yenga balicheza na mabinti ya institi ingine ya hapa hapa Goma. Balitupiga tatu kwa zero. Tatu! Na ile upumbavu ilianza mbele hata balo haiyaguswa.

Uwanja iko na ukuta ya mawe ya volkano, ile myeusi tunajengea kila kitu huku. Inakata kama wembe. Iko pia na mulango ya chuma, mukubwa, inabakiaka wazi toka asubui. Sasa kapitene ya ekipe, binti moya murefu wa kelele mingi, shangazi yake aliota ndoto. Asema aliona yai imezikwa chini ya ule mulango, baadui bameitega, na kila muchezaji mwenye kupita juu yake miguu itamulegea. Ndoto ya shangazi! Alilala na sombe gani kwa tumbo, siyui.

Unafikiri koch alikatala? Mwanaume mwenye diplome, mwenye lunette kwa macho? Alisema: "Tusibishane, tupitie kwa ukuta."

Bikira Maria! Nilikuwa nimekaa na karanga yangu, nikaona mabinti na maillot zao banatokea juu ya ukuta moya moya, kama kuku inatoroka kwa nyumba ya mutu. Moya akaanguka na matako. Ule mwenye kukinga upande wa kuume akapasua goti, damu ikashuka mpaka kwa soksi. Koch naye akapanda, juu ya kutoa mufano. Suruali yake ya kwendeya kwa reunion ikashikwa na jiwe, krrraa, ikapasuka nyuma toka juu mpaka chini. Mechi yote alibakia ametegemeza mugongo kwa ukuta. Anataka kuita batoto, hawezi kusogea. Anataka kubishana na arbitre wa firimbi, hawezi kusogea. Hata mishale yake ilikuwa kwa mufuko ya nyuma.

Mujukuu yangu yeye alipita kwa mulango, gants kwa kwapa, pole pole. Kapitene akapaza sauti: "Weye! Rudia! Pita huku fasi benzako banapita!"

Akamujibu: "Miye siko mwizi. Mwizi njo anapitaka kwa ukuta."

Sasa zile goli tatu. Nitazisema moya moya, juu zote tatu nilikuwa karibu nazo kuliko Mungu.

Ya kwanza, ule wa goti alikuwa ameinama anapanguza damu na majani ya muti. Muchezaji wa bale bengine akamupita kama anapita kwake nyumbani, akamupa mwenzake, mwenzake akapiga. Gardien mumoja, batu babili. Ungefanya nini?

Ya pili iliniua na cheko. Kapitene mwenyewe alikuwa na balo, hakuna mutu anamufuata. Akairudisha kwa gardien. Lakini aliirudisha pole sana, kama bibi-arusi anapelekea bakwe sahani ya chakula. Kabinti kamoya kafupi ka bale bengine kakatoka siyui wapi, kakaikamata njiani, kakasema asanti, kakafunga.

Ya tatu ni korneri. Batu bane betu balisimama mbele ya goli, bamejipanga muzuri, mikono chini, kama banakamatwa foto ya ndoa. Balo ikapita juu ya vichwa vyao. Hakuna hata moya aliruka. Banaruka namna gani, na nguvu yote bameiacha kwa ukuta? Mujukuu yangu aliigusa na vidole, ikapiga ule muti wa goli, ikaingia, ikaja mpaka kwa kitunga yangu. Ile kidogo ni kosa yake, nasema wazi. Angetoka mapema. Nilimuambia.

Kisha mechi bote balikuja kukaa kwangu kula karanga, kama kawaida yao. Koch alikuja anatembea kinyumenyume. Nikafikiri, sasa batasema ukweli. Kapitene akatafuna, akameza, akasema: "Munajua tumepigwa juu ya nani? Juu ya mwenye kupita kwa mulango. Aliruka ile yai, akaleta ubaya yote ndani ya goli yetu."

Na bengine bakaitikia! Hata ule wa goti!

Nikasema: "Binti yangu, ile goli ya pili, ile balo ulirudisha, ni yai iliirudisha?"

"Koko, weye ni bibi tu, mambo ya mupira hauiwezi."

"Nauliza tu. Kama yai inacheza vile, muiweke kapitene."

Kulikuwa batu bengine bananunua karanga, bakacheka. Yeye hakucheka. Akageukia koch: "Yenga yenye kuja tunapokea mabinti ya muji ya Kiwanja. Mwenye hatapita kwa ukuta hatacheza. Kama gardien anabisha, kuko mwingine."

Ule mwingine namujua. Balo ikikuja anafunga macho. Nikamuangalia koch, koch akaangalia viatu vyake. "Tutaona," akasema. Mwanaume mwenye kusema tutaona, amekwisha kuona, anaogopa tu.

Usiku ile mujukuu yangu hakulia. Alifula gants, akaianika, kisha akaiondoa kwa kamba ikingali na maji na kuitia ndani ya sakoshi. Nikamuuliza: "Unaificha nani?" Akasema: "Mukaka, itanisaidia nini? Siwezi kupanda ule ukuta. Siogopi mawe. Nikipanda, njo nimekubali ni miye nilibapigisha." Akalala. Kila asubui alikuwa anaamukaka mapema kukimbia mpaka kwa barabara na kurudi. Ile juma nzima hakukimbia hata siku moya. Hapo njo roho iliniuma.

Siku ya ine nikapanda kamio kwenda Kiwanja kutafuta karanga na maharagwe, vile nafanyaka. Tukapita Kanyaruchinya, mavumbi mpaka ndani ya meno. Kule Kiwanja mama mwenye kuniuzisha anakaa karibu na uwanja ya ile institi yenye tulikuwa tunangojea. Nikamuambia: "Mama, leo ujipimie weye mwenyewe, nakutumainia. Miye nakwenda kuangalia batoto banacheza." Akaniona kama mugonjwa.

Wee! Nilikaa kwa majani saa mbili. Uwanja yao ni majani mazuri, mbuzi inakula kwa korneri. Mabinti yao bamekula viazi, bamekula maharagwe, mapaja kama mitungi. Balikuwa banapendeza. Lakini miye sikuenda kusifu.

Kwanza, bamezoea majani. Balo yao inatembea kama gari ya askofu. Huku kwetu kwa mawe itaruka kama panzi, batainama kuikamata iko kwa sikio. Pili, gardien yao ni mufupi, balo ya juu anaiangalia tu anaiaga. Tatu, ule mushambuliaji wao, mwenye kitambaa kyekundu kwa kichwa, mwenye batu bote banaogopa: anapigaka na muguu wa kushoto tu, na mbele ya kupiga anaangalia fasi atapiga. Mara zote! Kama mutu anataka kuiba nyama, anaangalia kwanza chungu. Nilihesabu mpaka nikachoka. Akiangalia kuume, anapiga kuume. Kapitene yetu angekaa pale miaka kumi, asingeona. Angekuwa anatafuta yai.

Nikarudia na mifuko yangu. Mama alijipimia muzuri, Mungu amubariki. Nikaelezea mujukuu yangu yote, mpaka kitambaa. Akasikiliza, akasema: "Ya nini kuniambia? Bataweka ule mwingine."

"Weye sikiliza tu."

Siku ya posho, yenga ikiwa kesho yake, ekipe ikakuja kufanya mazoezi. Nikakaa, nikamenya karanga, nikaimba kawimbo ya kanisa. Koch hakukawia, akakuja. Suruali ilikuwa imeshonwa na uzi mweupe.

"Mama, nimesikia ulikuwa Kiwanja."

"Nilikuwa."

"Uliona batoto bale banacheza?"

"Niliona mpaka mbuzi yao."

"Ule mushambuliaji iko namna gani?"

"Ni mambo ya gardien, papa. Nimeisha kuambia gardien yenu. Mumuulize yeye."

Akajikuna. "Gardien gani?"

"Unaniuliza miye? Koch ni nani?"

Kapitene alikuwa karibu, akajitia: "Koko, utuambie siye bote! Ni ekipe!"

"Haa! Leo ni ekipe? Yenga yenye ilipita ilikuwa yai."

Koch akaita mujukuu yangu, bakaenda kuzungumuza kando. Niliwaona tu, sikusikia. Alikuwa anaonyesha na muguu: hivi, kisha hivi. Koch akatosha karatasi, akachora mushale. Akaufuta. Akachora mwingine. Halafu nikaona mujukuu yangu anatikisa kichwa, hapana, hapana, na kunyoosha kidole kwa mulango. Koch akavua lunette, akaipanguza muda murefu sana kwa kalunette vile kadogo.

Yenga, kisha misa ya pili, nikakuta benye kucheza bamesimama inje ya uwanja. Koch akasoma liste. Gardien: mujukuu yangu.

Kapitene akaruka: "Na atapita wapi?"

Koch akasema: "Kwa mulango. Na miye pia. Suruali ingine sina."

Akatangulia. Maskini, alipofika pale kwa chuma alisimama kidogo, akainua muguu juu sana, kama mutu anaruka mufereji. Diplome ile! Mujukuu yangu akamufuata, gants kwa mikono. Ule wa goti akaangalia ukuta, akaangalia goti yake yenye ingali na kidonda, akafuata. Kisha wa ine, wa tano. Kapitene alibakia na marafiki babili kwa ukuta, na hata bale babili balipanda banaangalia mulango na wivu.

Mechi yenyewe sitaisifu. Bashambuliaji betu bako bure kabisa. Nilibaambia gardien yao ni mufupi, mupige juu! Balipiga chini mpaka mi-temps, saa ya kupumuzika, kisha mi-temps bakapiga juu, juu sana, balo mbili zilienda kwa barabara, moya ikashikwa na mutu wa pikipiki. Lakini nyuma, aa, nyuma nilikula na macho. Balo iliruka kwa mawe vile nilisema, ba Kiwanja banaifukuzia kama batu banafukuza panzi. Na ule wa kitambaa kyekundu alipata fasi mara tatu. Mara tatu aliangalia. Mara tatu mujukuu yangu alikuwa amekwisha kufika kule. Ya mwisho aliikamata yote, akaanguka nayo mbele yangu kabisa, mavumbi kwa mudomo, akanikonyeza jicho.

Zero kwa zero. Na bakacheza dansi! Kwa zero! Ungesema bameleta kombe.

Kapitene akakuja kwa karanga, jasho chapa, anaelezea kila mutu: "Munaona? Siye tulipita kwa ukuta, njo ilikinga goli yetu."

Mujukuu yangu alikuwa anavua gants, kidole kimoya kimoya. Akasema pole tu: "Basi yenga ingine muweke ukuta ndani ya goli, miye nilale nyumbani."

Bote bakacheka, koch wa kwanza. Kapitene akakasirika, akakamata bido ya maji, akaanza kugawanyia bengine, kila mutu kakopo kamoya. Akafika kwa gardien. Akasimama. Kakopo hakukatoa. Alimupatia bido yote, akiangalia fasi ingine, kule kwa mulima.

Mujukuu yangu akanywa, akanywa, akaosha uso, akabakiza kidogo, akamurudishia. "Mazoezi ya mardi tunaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa," kapitene akasema. "Usichelewe, weye njo wa kwanza kupasha mwili."

Miye nilikuwa na maneno kama mia moya kwa ulimi. Nikatia karanga kwa kinywa, nikaifunga.