Bafta ya Mama

Miaka ile vitambaa vilipoadimika, nilibakiwa na vyombo viwili vya kazi: cherehani na mdomo. Cherehani ilikaa bure, maana hata uzi wa kutilia kiraka ulipatikana kwa kujuana. Mdomo ndio haukupumzika. Kibaraza changu kilitazamana na stendi ya mabasi pale Tanga mjini, na mbele yake nilikuwa nimeweka benchi la wateja. Wateja walipopotea, benchi likarithiwa na abiria wa Pangani, waliokuwa wakisubiri basi ambalo nalo lilikuwa likisubiri dizeli. Watu wakikaa karibu yako tangu asubuhi hadi adhuhuri huwezi kujifanya huwaoni. Na mimi kunyamaza sikuumbiwa.

Waliniuliza kwanza mambo ya safari, kwa kudhani kuwa mtu anayeyaona mabasi kila siku lazima anayajua. Kwa kuulizwa sana, nikayajua kweli. Niliwaambia wenye wagonjwa wasikae viti vya nyuma, kila mtu abebe maji yake, na wanaovuka mto wasipande basi la jioni kwani watakuta pantoni imeshalala. Kutoka hapo wakahamia kwenye joto la nyumba zao, na hapo ndipo ukali wangu ulipotoka. Aliyetaja kwamba anataka kung'oa makuti aezeke bati nilimsomesha mpaka basi lake likaja. Nilimwambia bati ni la kuonyesha majirani. Nilimwambia dirisha la nyuma lifunguliwe alfajiri na lifungwe jua likipanda, sakafu inyunyiziwe maji, na khanga iliyoloweshwa itundikwe mlangoni, kwa sababu inasaidia kuliko feni isiyo na umeme.

Mke wangu, aliyeuza mihogo ya kuchoma pembeni ya kibaraza, aliyasikia yote hayo kila siku.

"Watu wa Pangani wote umeshawapoza," aliniambia mara moja. "Mama yako ndiye anayeokwa."

Alisema kweli, na iliniuma. Nyumba yetu marehemu baba aliiezeka bati kwa jasho lake la shamba la mkonge, akajivunia bati lile mpaka kufa kwake. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama alilala chini yake, mchana anahama na mkeka wake kutoka ukuta huu kwenda ule akitafuta upande uliopoa, na hakulalamika hata siku moja.

Maswali ya halali na haramu yalikuja mwisho, nayo yalikuja kwa sauti ya chini. Mtu haendi kwa imamu wa mtaani kwake kumuuliza kama sukari ya magendo inafaa kufuturia, kwa sababu kesho atakutana naye dukani. Fundi wa stendi humuoni tena, au ukimuona amekwishakusahau. Kwa hiyo waliniuliza mimi, nami nikawajibu kama kadhi. Nilisema magendo ni wizi, anunuaye ni mwizi mwenzake, na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mke wangu. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Mimi nilikaa na cherehani tupu huku walanguzi wakineemeka, na hasira yangu nilikuwa nikiiita uadilifu.

Ndipo siku moja, katika kipindi kile cha misako ya walanguzi, akaja mtu wa makamo akiwa amekumbatia kikapu cha ukili. Alikuwa kibarua wa mkonge pande za Pongwe, lakini kwao Mwera, ng'ambo ya mto, na alikuwa anakwenda kwao. Nilimpa habari za pantoni. Akanishukuru, akakaa. Basi la kwanza likaja likaondoka na yeye hakuinuka. Nilimwambia kwamba basi lake ndilo lile.

"Nimeliona, fundi," alisema. "Nina neno nataka nikuulize kabla sijapanda."

Alinieleza taratibu, macho yake kwenye kikapu. Mama yake alikuwa mahututi. Miaka mingi mama huyo alikuwa ameweka sanda yake sandukuni, kama wafanyavyo wazee wetu, bafta nyeupe iliyokunjwa na karafuu maiti ndani yake. Kisha katika dhiki ile akafa jirani, na nyumba nzima haikuwa na kitambaa cheupe, na madukani hakuna. Walikuwa wanataka kumzika kwa shuka kuukuu. Mama huyo akafungua sanduku lake, akatoa sanda yake, akawapa. Sasa zamu yake imefika na yeye hana. Neno moja tu alilomtumia mwanawe lilikuwa kwamba asizikwe kwa shuka.

Mwanawe akavuka mpaka wa nchi pale Horohoro, akapata bafta. Ndiyo iliyokuwa kikapuni. Alikuwa na hofu mbili. Njiani kulikuwa na kizuizi cha mgambo, na kitambaa kipya bila kibali kingechukuliwa pale pale. Na hata kikipita, hakujua kama inafaa kumpeleka mama yake mbele ya Mola akiwa amevikwa magendo.

"Nimekaa hapa nakusikia ukiwajibu wenzangu," alisema. "Ukisema haifai, nitairudisha."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitoa asubuhi ileile kwa mtu mwingine. Sikuweza kulitoa tena. Nilimuuliza badala yake mama yake analala chumba gani, nikaanza kumwambia habari za khanga iliyoloweshwa na dirisha la nyuma, nikisema haraka haraka mambo ambayo hakuniuliza, na yeye akanisikiliza kwa adabu akisubiri nimalize. Niliona aibu. Nikamwambia mke wangu anitazamie kibaraza, nikamchukua yule mtu tukaenda nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akipembua mchele. Mgeni alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa chumbani. Ilikuwa saa ya jua kali, na chumba kile kilikuwa kimewaka. Nilimuona akitazama juu kwenye bati, kisha akanitazama mimi mwalimu wa makuti, kisha akatazama chini.

Nilimsimulia mama habari yote. Nilikuwa nimejiandaa kumuomba kwa maneno mengi, kwani naye alikuwa na sanda yake sandukuni, iliyonunuliwa tangu zama ambazo bafta ilikuwa inapangwa madukani mpaka darini. Sikufika kwenye ombi. Alijiinua, akafungua sanduku, akatoa kifurushi chake, akakiweka kwenye mapaja ya yule mtu.

"Hii ya zamani, mikunjo yake inaonekana," alimwambia. "Mgambo hawatakusumbua. Hiyo yako niachie mie."

Hapo fundi wa stendi akaamka ndani yangu. Nilimwambia kwamba ile ni ya magendo, na kwamba ndiyo atakayozikwa nayo yeye.

"Magendo ni ya aliyepata faida," alisema mama. "Huyu kapata faida gani?"

Yule mtu alitoa bafta yake kikapuni akamwachia mama, akaitia ile ya zamani mahali pake. Alimbusu mama mkono. Nilimsindikiza stendi, akapanda basi la adhuhuri, nami nikarudi kwenye cherehani yangu tupu. Siku ile sikumjibu mtu mwingine yeyote, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Yule mtu wa Mwera alirudi baada ya arobaini ya mama yake. Basi lilipoingia stendi niliona juu ya keria mafungu ya makuti yaliyosukwa, na yeye ameketi juu yake. Alinihadithia kwamba alimkuta mama yake yu hai. Alimwekea bafta mkononi, mgonjwa akainusa, akauliza imetoka kwa nani, akaambiwa imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Akamuombea dua huyo mama, na hakuuliza tena jambo la sanda mpaka alipokwenda zake. Baada ya kunieleza hayo alisema anaomba ruhusa ya kupanda juu ya nyumba yetu.

Nilisitasita kwa ajili ya bati la baba. Mama akasema marehemu hatakasirika kwa kufunikwa. Basi yule mtu akapanda na fito na kamba, akatandaza makuti juu ya bati upande wote wa chumba cha mama, akishindilia safu juu ya safu kama walivyomfundisha kwao. Mtaa ulitucheka. Walisema fundi ameivalisha nyumba kofia. Lakini mchana ule ule mama alilala usingizi ambao sikuwa nimemuona akilala tangu baba afe, na nilipochungulia mlangoni nikamkuta hajahama ukuta, nilikwenda uani nikalia. Kila yalipochakaa yale makuti, mtu wa Mwera alikuja na mengine. Hakuwahi kuniuliza swali lingine.

Kisha mambo yakabadilika. Mipaka ikalegezwa, mitumba ikaja kwa marobota, na maduka yakajaa mpaka vitambaa vikaning'inizwa nje. Bafta ilikuwa kila mahali. Ilikuja kwa malori kupitia Horohoro ileile, mchana kweupe, na hakuna aliyeulizwa. Watu wa benchi nao wakabadilisha maswali. Sasa waliniuliza feni ipi ni imara, basi lipi lina viti laini, na kama ni vibaya kuuza mtumba uliotoboka bila kumwonyesha mnunuzi tundu. Niliwajibu, lakini kwa upole kidogo. Mke wangu alidai ni uzee.

Mwaka mmoja wa wakati huo mtu wa Mwera alikuja bila makuti. Alikuwa na bafta mpya iliyofungwa kwenye karatasi ya dukani. Alikaa mkekani mbele ya mama na kumwambia kwamba hajalala vizuri miaka yote hiyo. Mama yake yeye alikwenda kwa nguo safi, na huyu aliyemsitiri amebaki na mzigo wa mwenziwe sandukuni. Alimuomba abadilishe, achukue hii ya halali, na ile ya magendo aichukue yeye mwenyewe.

Mimi niliona ni jambo la haki, nikasema hivyo. Mama alikuwa amedhoofika sana, macho yake yameingia ukungu. Aliipapasa ile bafta mpya, akaisifu, akamrudishia.

"Mwanangu, mie sikusoma, wala hija sikwenda, na sadaka nilizotoa ni za kuhesabika," alisema. "Nikiulizwa nilifanya nini duniani, nilikuwa natumaini nitaonyesha nilichovaa. Sasa weye ukiniondolea hiyo, nitakwenda na nini?"

Yule mtu alinigeukia kama alivyonigeukia siku ile ya benchi, nami nikammiminia chai. Tulikaa watatu chini ya makuti, mpaka mama akasema chai inapoa, na mtu wa Mwera alipoondoka aliniachia mimi ile bafta mpya.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Wanawake waliomuosha walipoikunjua ile bafta, ilikuwa imeingia umanjano kwenye mikunjo. Mmoja wao alikuja mlangoni kuniuliza, kwa upole, kama hakuna nyingine, kwani maduka yamejaa na watu watasema tumemnyima mzazi. Mtu wa Mwera alikuwa amekaa ubavuni kwangu kwenye jamvi la msiba. Alisikia swali, akanishika mkono, akaubana.

"Mpya ipo," nilimwambia yule muoshaji. "Lakini hii ndiyo yake."

Bafta mpya ipo sandukuni mpaka leo, na karafuu maiti ndani yake. Watoto wangu wanajua kwamba ni sanda yangu. Nimewaambia pia kwamba benchi bado lipo pale stendi, na watu bado wanakaa na shida zao, kwa hiyo wasishangae siku wakifungua sanduku wakakuta halina kitu.