Meza Isiyoanikwa

Fundi seremala wa Area D, hapa Dodoma, alipaka vanishi meza ya mama mmoja wa Chamwino, akaisukuma chini ya taa yenye mwanga wa zambarau, na baada ya muda mfupi tu akaizima ile taa. "Mama, meza yako tayari."

Mama hakuisogelea. "Tayari vipi, na haijaanikwa? Kesho ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu. Kitambaa kikinata hapo mbele ya wakwe, uso wangu nitauweka wapi?"

"Vanishi hii imetokana na mafuta ya mimea, mama yangu. Haingoji jua. Miale ya taa ndiyo inayoikausha."

"Mafuta yakauke? Mimi nalima alizeti, baba, usinidanganye."

Fundi aliinama. Alichota vumbi jekundu pale mlangoni, akalimwaga juu ya meza mpya. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. Fundi akapitisha kiganja mara moja, na meza ikabaki inang'aa, haina hata chembe.

Mama akaipapasa, akanusa vidole, akaipapasa tena. "Haya, ipakieni kwenye kile kigari cha mizigo, kirikuu," aliwaambia fundi na vijana wake. "Lakini baba yake binti akiuliza, semeni ilianikwa siku mbili."

Mimi niliyekuwa pembeni nikitazama, nilicheka kwa adabu. Sisi wa Dodoma tunaliamini jua kuliko fundi. Meza yangu mimi ilianikwa uani kama inavyotakiwa, na mpaka leo nyumbani kwangu tunakula ugali juu ya nyayo za kuku aliyekatiza vanishi ikiwa mbichi.