Walinzi wa Sikio la Baba Kulwa

Juzi, kwenye zahanati moja ya Masumbwe, daktari alipaza sauti, mlango ukiwa wazi, hadi foleni nzima tukasikia. Mgonjwa wake huendesha karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na masikio yalikuwa yanamvumia.

"Ndani kabisa ya sikio mna seli za kinga," alisema daktari. "Ni kama walinzi. Kelele zikiua seli za kusikia, wao husafisha mabaki na kusaidia kuzuia madhara yasienee."

Mzee akatabasamu, akarudisha mezani vizibo vya masikio alivyopewa. "Kumbe ulinzi upo! Hivi vya nini?"

Mkewe, aliyeketi kando yake, akavichukua. "Baba Kulwa, duara la mgodini likititia, walinzi wenu wa kule hufanya nini?"

"Wanasaidia kutoa kifusi."

"Aliyefukiwa akifa, wanamfufua?"

Mzee akamtazama daktari. Daktari akatikisa kichwa: "Hata seli za kusikia zikifa hazioti tena."

Mzee akavivaa palepale. Mkewe akaendelea kumwasa, naye akaitikia kila neno kwa kichwa, kwa upole mkubwa. Nina wasiwasi ameshagundua faida nyingine ya vile vizibo.