Nusu ya Karatasi Iliyoachwa Tupu

Mtu asinieleze habari za maandishi mazuri. Miaka thelathini na moja nilikunja karatasi katika ofisi ya Hakimu, mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Kherapur, na tangu mwaka ule askari wa Kihindi walipowaasi Waingereza, kila nikiona karatasi iliyokunjwa katikati kwa urefu, mate hunijaa mdomoni. Ya kutema, si ya hamu.

Jina langu Nabban. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuchonga kalamu, kupika gundi, kushona barua za mwaka mzima ziwe kitabu, na kukunja karatasi. Hiyo ya kukunja ndiyo waliyoithamini. Serikali ya Waingereza iliamuru kwamba barua iandikwe nusu ya kulia tu, na nusu ya kushoto iachwe tupu, ili mkubwa anayeipokea apate pa kuandikia jibu lake. Basi nilikunja, nikapitisha ukucha juu ya mkunjo, nikakunjua, ukabaki mstari katikati. Upande huu dhiki ya mtu, upande huu nafasi ya mkubwa. Nusu kwa nusu, eti.

Aliyekuwa akiziandika ni Karani Bakhtawar Lal. Nasimulia habari zake kwa sababu watu wa mjini kwetu wakimtaja siku hizi humcheka au humlaani, na hawamjui. Mimi nilikaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa. Nilimpenda, akanitia kinyaa, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha hivyo viwili.

Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi. Hakutafuna tambuu ofisini asije akadondosha tone jekundu juu ya barua. Baba yake karani, babu yake karani wa mabwana waliotangulia Waingereza, na ukoo wao mzima siku moja kwa mwaka huweka kidau cha wino mbele yao, wakakipaka unga wa sandali na kukivisha maua, wakakiabudu. Hata chapati aliikunja katikati kabla ya kuimega. Nilimtania sana, nikamwambia, Lala, maana ndivyo tulivyomwita kwa heshima, siku ukifa utawaambia wanao wakuchome nusu ya kulia tu. Akacheka bila kuonyesha meno, akaendelea kuandika.

Sheria za barua alizipenda kama wengine wanavyopenda watoto. Barua moja, jambo moja. Barua ipite kwanza kwa mkubwa aliye karibu ndipo iende kwa mkubwa aliye mbali. Isiyofuata hayo ilirudishwa, na kila aliyoirudisha aliiandika katika rejista yake mwenyewe: tarehe, jina, sababu. Rejista hiyo hakuna aliyemwagiza kuiweka. Ilikuwa tabia yake tu, jambo lisiloandikwa lilimkera.

Sasa, mwezi wa Jeth wa mwaka ule, kilele cha joto, askari walikuwa wameshawageuka maofisa wao Mirat na Delhi, lakini kwetu bado kimya. Hakimu akatoa tangazo: mkuu wa kijiji yeyote atakayeona askari waasi alete habari mara moja; asiyeleta naye ni mwasi. Siku ya tatu baada ya tangazo, jua la adhuhuri likichoma, akaingia Mata Badal, mkuu wa kijiji cha Tikraha, kilemba kimelowa jasho, na ndani ya kilemba karatasi.

Alisema askari waasi wako bustanini kwake, watu mia mbili, wamemwekea upanga shingoni wakachukua unga na samli, na wanaulizana njia ya kuja Kherapur. Yote yalikuwa katika barua, aliyoandikiwa na mwalimu wa kijiji. Na mwalimu maskini, karatasi kwake ni kitu, alikuwa ameijaza ukingo hadi ukingo, na palipobaki vidole vitatu chini akaongeza kwamba maksai wa Mata Badal amepotea na amesikika yuko boma la polisi.

Bakhtawar Lal akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Akamwambia hawezi kuipokea. Haina nafasi ya jibu, na ina mambo mawili.

"Jibu la nini, bwana karani?" akauliza Mata Badal. "Mimi nimeleta habari, sikuomba jibu."

"Kila barua ina jibu," akasema Lala, kwa upole kabisa.

Hakimu akapita barazani akielekea mezani kwake kula. Akauliza huyu anataka nini. Lala akasimama, akamweleza kwamba ni barua isiyo na utaratibu. Hakimu akasema irudishwe basi, akatia herufi mbili za jina lake katika ile rejista bila hata kuinama vizuri. Harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa inatoka ndani.

Na mimi je? Mimi nilicheka. Niliona kichekesho, maksai na maasi ukurasa mmoja. Nikampa Mata Badal karatasi mbili nilizozikunja mwenyewe, bure, nikajiona mtu mwema. Akazitia kilembani, akageuka, akaurudia mwendo wote ule.

Kesho yake askari wale wakaingia mjini. Hakimu akatorokea mlango wa nyuma na farasi, ofisi ikachomwa. Watu walikuwa wanakimbia na vyungu vyao vya shaba; Bakhtawar Lal alikimbia na rejista kichwani, akaifukia chini ya ghala la nafaka nyumbani kwake. Mkewe hakumsemesha mwezi mzima. Siku ya pili Mata Badal akarudi. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama mbele ya majivu, mkononi barua mbili, kila moja na jambo lake, nusu ya kushoto tupu. Hakuwa na wa kumpa. Akaniuliza mimi, nikamwambia arudi nyumbani.

Majira ya baridi Waingereza wakarudi na jeshi, na Hakimu wetu naye. Kitu cha kwanza alichouliza ni karatasi. Akaandika kwa Kamishna, mkubwa wake, kwamba katika wilaya nzima hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeleta onyo. Lala akainakili barua hiyo mara nne, na moja ilikuwa ya kwenda mpaka Kalkuta, makao makuu ya Serikali. Nilikuwa namwangalia mkono. Yeye alijua, mimi nilijua, na kalamu ilikwenda vizuri tu, herufi zimejipanga.

Na kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Wiki baada ya wiki tulipeleka barua, nami nilizikunja zote. Kijiji kikichomwa, barua husema wilaya imetulizwa. Watu kumi na wanane wakininginizwa kwenye mwarobaini mmoja, barua husema mfano umeonyeshwa. Mzee akipigwa risasi kisimani, barua husema alikuwa akikimbia. Hakuna damu humo, hakuna kilio, maneno yamekogeshwa yakapakwa uturi. Kufanya unyama ni jambo moja. Kuufanya, kisha ukaupigia mistari na kuutia muhuri wa nta, ptuu.

Kisha likaja jina la Mata Badal. Kosa: kuwalisha waasi na kutoleta habari. Tikraha ilikuwa imeshachomwa. Wakamleta uani kwetu, meza moja, maofisa watatu, Hakimu katikati. Akasema alileta habari, karani aulizwe.

Lala akasimama na rejista yake. Alikuwa ameileta bila kuitwa, namshukuru kwa hilo. Akaifungua pale penyewe, tarehe, jina, sababu, na herufi mbili za Hakimu pembeni. Akaelekeza kidole. Maofisa wale wawili wakaangalia, kisha wakamwangalia Hakimu. Nilidhani mtu amepona.

Hakimu hakupandisha hata sauti. "Barua iliyorudishwa haikupokelewa," akasema. "Isiyopokelewa haikuletwa. Funga rejista, karani."

Akaifunga. Mata Badal alikuwa anayaangalia yale majalada mawili yakikutana. Wakampa siku tatu, kwa sababu mti ulikuwa na foleni.

Mchana ule ule Lala akaniomba karatasi. Akaandika kwa Kamishna kwamba mtu huyu alileta habari na ushahidi uko katika rejista. Sijawahi kumwona akiandika vizuri namna ile. Kamishna alikuwa kambini ng'ambo ya mto, nusu siku kwa farasi, na alikuwa na uwezo wa kusimamisha hukumu kwa neno moja. Nikamwambia Lala anipe, nitaazima farasi wa binamu yangu, nitamwekea Kamishna mkononi kabla jua halijazama.

"Haitasomwa, Nabban Miyan," akasema. "Ikifika bila kupitia kwa Hakimu itarudishwa bila kufunguliwa. Nimeona mamia."

"Lala, unampelekea mwizi barua ya kumshitaki mwizi."

"Ndiyo njia yenyewe."

"Njia! Mtu ananyongwa, wewe unaniambia njia?"

Akanitazama kama anayeniomba radhi. Alikuwa anaamini. Hilo ndilo linalonikata maini mpaka leo. Hakuwa mwoga, wala hakuwa anajipendekeza. Aliamini kwamba barua iliyo sawa itafika. Akaenda akaiweka katika kisanduku cha Hakimu, akaisawazisha na kingo za kisanduku, akarudi kukaa. Nami ningeweza kuichomoa mle. Nilipita mara tano mbele ya kisanduku kile. Nilikuwa na watoto saba, na mwarobaini nilikuwa nauona kutoka dirishani. Sitajitetea.

Siku ya tatu Mata Badal akanyongwa. Siku ya nne Hakimu akaitoa barua kisandukuni, na katika nusu ya kushoto, ile niliyoikunja kwa ukucha wangu, akaandika: "Imepelekwa mbele kwa utaratibu. Jambo lenyewe limekwisha."

Miezi minane. Hakimu akapandishwa cheo, akaondoka na nishani, akaja mwingine, kijana, wa kutia sahihi asichokisoma. Ndipo jibu likashuka kutoka juu. Barua ya karani inarudishwa, kwa kuwa ina mambo mawili, yaani rejista ya ofisi na maisha ya mfungwa. Aandike upya, kila jambo na barua yake.

Lala alikaa na jibu lile mapajani mpaka wengine wote wakatoka. Kisha akaniambia, "Nikunjie mbili."

Nilimtukana. Nilimwambia mtu ameshakuwa majivu na majivu yameshamwagwa mtoni, anaomba maisha gani? Hakunijibu kwa hasira. Alisema anataka waandike. Anataka waandike wao wenyewe, kwa mkono wao, kwamba Mata Badal alileta habari. Basi nikamkunjia. Akaandika mbili, zote safi, Hakimu kijana akatia sahihi, zikaenda.

Na zikajibiwa! Miezi mitatu baadaye ikaja barua yenye muhuri mkubwa. Serikali, katika huruma yake, imeridhika kwamba Mata Badal wa Tikraha alileta habari kwa wakati wake. Kwa hiyo anasamehewa, na aachiliwe, kwa sharti kwamba akae kwa adabu muda wa mwaka mmoja. Asomewe barua hii, na jibu lake lichukuliwe.

Lala akaniomba niende naye. Tukamkuta Phulmati, mjane wa Mata Badal, pembeni ya ukuta mmoja uliobaki wa nyumba yao, anakanda mavi ya ng'ombe na kuyabandika ukutani yakauke kwa kuni. Hakuacha kazi. Lala akasimama wima akamsomea yote, neno kwa neno, sauti yake ya ofisini.

Phulmati akabandika moja, akabandika la pili. Akauliza, "Amesamehewa?"

"Ndiyo."

"Ila akae kwa adabu mwaka mmoja."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ameshakaa miezi kumi na moja," akasema. "Hajamsumbua mtu."

Mama yule akasogea, akaitazama barua mikononi mwake. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Akauliza mbona upande huu hawakuandika, wino uliwaishia? Lala akamwambia hapo ni pa jibu.

"La nani?"

"La anayeipokea, mama."

Phulmati akachovya mkono katika ndoo ya mavi mpaka kwenye kifundo, akaubandika mkono wote juu ya ile nusu tupu, vidole vitano na kiganja, akaukandamiza kama anavyokandamiza ukutani. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Hakututukana, wala hakulia. Hakututazama tena.

Nilidhani Lala ataifuta, mtu yule ambaye tone la tambuu lilimtia homa. Aliibeba juu ya viganja viwili njia nzima, bapa, mpaka ikakauka, na mimi nikimfukuzia nzi. Ofisini akafungua rejista, akachovya kalamu, akaandika tarehe na nambari. Kutoka kwa: Phulmati, mjane, Tikraha. Jibu limepokelewa. Mambo: moja.

Akaipeleka katika kisanduku cha Hakimu, kwa njia yake. Hakimu kijana akaitazama, akanusa vidole, akaitilia sahihi pasipochafuka ili imwondokee. Mwisho wa mwaka ikanijia mezani pamoja na nyingine zote za kushonwa. Ile niliishona kwa nyuzi mbili, ili asije mtu akaichomoa.