Ukumbi wa Harusi Umejengwa Juu ya Shimo Langu la Ndizi

Admin, nifiche jina. Nina miaka sabini na zaidi, kamili siijui, maana mama yangu alikuwa anahesabu kwa njaa na njaa zilikuwa nyingi. Ni mjane, naishi Ngara mjini. Kusoma sijui, anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, nimemwambia aandike ninavyosema asininyooshee. Walionizidi umri shikamooni, wengine wote marahaba hata kama hamjanisalimia.

Katikati ya mji kulikuwa na ghala la zamani la kahawa, lilifungwa likaachwa. Bati zimetoboka, popo wamejaa, mti umeota ndani ukatokea dirishani. Sisi wanawake wanne ndio tuliolifufua. Tulifagia, tukaukata ule mti (shoka la marehemu mume wangu likavunjika mpini, akaninunia siku mbili, lakini hayo tuyaache), tukawa tunatengeneza humo pombe ya ndizi. Kule nyuma sakafu ilikuwa imebomoka, tukachimba shimo la kuivishia ndizi, mimi linanifika kifuani. Unalipasha moto, unatandika majani ya mgomba, unazika ndizi mbichi, siku ya nne zimeiva, unakamua. Siku ya soko watu walitoka mpaka Bukiriro na Ntobeye kuja kunywa kwetu. Hakuna aliyekuwa analitaka lile jengo wakati huo.

Sasa kuna mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea mimi tangu hajaota meno, amenyonya ziwa hili pamoja na binti yangu. Akakua, akafanikiwa, akaenda ofisini akapewa karatasi ya lile ghala. Akaja na vibarua.

"Mama mkubwa, mtoke leo."

"Leo? Baba, pombe bado inachachuka. Nipe kesho tu."

"Hapa panakuwa ukumbi wa kisasa. Siwezi kukaa na harufu ya walevi."

Akawaambia wamwage. Pombe ikapita katikati ya miguu yangu, wateja wananitazama. Mmoja akawahi kuchota kwa kofia, Mungu ambariki. Na ule mtumbwi wa mti wa kukamulia, alioniachia mama yangu, akaukatalia. "Huo uacheni, ni urembo." Leo uko mlangoni pake, wameupanda maua, watu wanapigia picha.

Tulipotoka, shimo tulikuwa tumelifunika kwa mbao na udongo juu. Baada ya wiki fundi akanifuata nyumbani, mtu wa adabu.

"Shikamoo bibi. Kule nyuma pametitia kidogo. Kuna kitu chini?"

Nikamwangalia. Nikaona ile pombe inapita miguuni.

"Marahaba. Kuna udongo tu, mjukuu wangu. Wewe mwaga."

Akamwaga zege jembamba, akabandika vigae. Mbao zile mchwa alishaanza kuzila tangu enzi zetu.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Siku ya uzinduzi yule mtoto akashika kipaza sauti: "Hili lilikuwa pango la popo na walevi, nimelifufua mimi peke yangu!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Halafu nikapita kule nyuma nikagonga kigae kwa fimbo, kikalia kama ngoma. Na palepale ndipo walipoweka meza ya maharusi. Nikamwomba Mungu yule mtoto acheze, maana siku hizi amenenepa sana.

Hakucheza. Sasa Jumamosi ndiyo harusi ya kwanza. Bibi harusi ni binti wa watu, hajanikosea kitu, juzi tu amenibebea ndoo yangu ya maji. Nimesikia meza ya mbele watakaa watu kumi na mbili, na padri yumo. Kwa hiyo hata kuungama siwezi, atadhani namtisha. Wenzangu wawili wamekufa, wa tatu alihamia kwa mwanawe kule Bisibo na akili zimemtoka. Anayejua habari ya shimo nimebaki mimi tu.

Nikisema, yule mtoto atasimama mbele ya watu aseme mama mkubwa ni mchawi, kanichimbia shimo. Mnajua kikongwe akishaitwa hivyo huku kwetu anaishije. Na shimo atalijaza mawe siku moja tu, aendelee kuvuna. Nimewaza nimnong'oneze mama wa bibi harusi asogeze meza, halafu yule mtoto apewe pale pa kuchezea. Jirani amekataa kuandika hilo. Nimemwambia andika.

Msiniambie nimsamehe, nimejaribu Kwaresima nzima. Yule binti namtaka apone, na padri apone, na wapishi wote wapone. Lakini nikifungua mdomo, na yeye anapona. Nipeni akili ndugu zangu, nifanyeje? Nijibuni upesi, leo ni Alhamisi.