Tende za Mwaka wa Mayai

Ulikuwa mwaka ule mayai yalipoadimika Sydney. Wanaokaa hapa wanaukumbuka: unaingia dukani, rafu tupu, karatasi imebandikwa kwamba kila mtu aondoke na katoni mbili tu. Wanawake wa kanisani kwetu Rooty Hill waliacha kuoka keki. Sisi tuliotoka kambi za wakimbizi Tanzania tuliwacheka watu waliokuwa wakiipiga picha rafu. Kambini nililea mtoto kwa mahindi ya njano na dengu, yai tunaliona kwa jirani mwenye kuku. Lakini mwaka ule wa shida ya mayai ndipo mimi nilipoyala sana, na hakuna hata moja lililoshuka vizuri kooni.

La kwanza nililila siku tuliyomzika binti yangu, mwezi wa kwanza, jua likiwa kali. Wayahudi wakitoka makaburini humpa mfiwa yai la kuchemsha. Nililimeza kama jiwe.

Binti yangu alikuwa nesi. Mimi niliishia darasa la tatu, nikafagia maghala ya Wetherill Park mpaka magoti yakagoma, ili yeye avae ile sare. Aliolewa na Myahudi, na kabla ya ndoa akaingia dini yao kabisa. Kanisani wakaniambia, "Umempoteza mtoto." Nikawajibu, "Amekwenda kwa watu wa Musa. Musa huyohuyo mnamhubiri kila Jumapili, au mlidhani alikuwa Mrundi?" Binti yangu akanizalia wajukuu wawili, msichana na mvulana, wazuri mpaka watu wanageuka kwenye treni. Kiswahili changu wanakisikia chote, ila wananijibu kwa Kiingereza.

Pasaka yao huliwa nyumbani, mezani, jioni, na hiyo jioni wanaiita seder. Wanasoma habari za kutoka Misri, wanakula mkate usio na chachu, mboga chungu, yai na maji ya chumvi. Ni ndefu. Mtoto mdogo atavumilia kwa ajili ya nyimbo, lakini kijana wa siku hizi ameshainamia simu chini ya meza kabla Musa hajazaliwa.

Binti yangu aliliona hilo mapema, na wala hakuwafokea. Alijaza tende mfuko wa aproni, akatoa sheria: ukiuliza swali ambalo meza nzima imeshindwa kulijibu, unapata tende. Likijibika, hupati kitu. Hapo ndipo ungewaona! Mbona Mungu aliufanya mgumu moyo wa Farao, kisha akamwadhibu kwa ugumu huohuo? Tende. Wale farasi waliozama walikosa nini? Tende mbili, baba yao akaguna kwamba huo ni upendeleo. Waligombana na Mungu mpaka supu ikapoa. Mnunuzi wa tende nilikuwa mimi, kwa Mwarabu mmoja wa Merrylands, zile kubwa laini. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa katika Pasaka yao, na niliringa nayo.

Basi mwaka ule mkwe wangu akanipigia simu. Ni mtu mwema, nasema hivyo mapema. Kiswahili alifundishwa na mkewe, kinachechemea lakini kinafika.

"Mama, watoto wanasema Pasaka hawataki. Wakiacha mwaka huu, hawatarudi tena mezani. Mama yao aliijenga hii meza. Njoo, tafadhali."

Nikapanda treni Rooty Hill mpaka kwao Gordon, katoni mbili za mayai mapajani kama watoto mapacha, tende ndani ya mkoba. Tende hakuniagiza. Mkono ulizinunua wenyewe.

Maskini, alikuwa amehangaika kwenye mtandao akitafuta namna ya kuwafurahisha vijana. Meza ilijaa vyura wa plastiki, kwa lile pigo la vyura kule Misri, vinyago vya karatasi, na kadi za maswali, majibu yamechapwa nyuma. Mjukuu wangu wa kike akamshika chura mguu.

"Baba, nina miaka kumi na sita."

"Chura hachagui umri," mdogo wake akasema.

Dada mtu akamrushia yule chura usoni. Nikacheka kwa sauti, nikadhani jioni yetu imepona.

Macho yangu yalitafuta bakuli la tende. Halikuwapo. Nikatia mkono mkobani, nikazigusa, nikautoa mkono mtupu. Ni meza yake, mkewe hana hata miezi minne kaburini. Nitamtolea vipi, mbele ya watoto wake, kitu alichokisahau? Nikasema moyoni, akikumbuka nitampitishia chini ya kitambaa.

Mkwe wangu akasoma kadi. Vijana wakajibu kama watu walio mbele ya polisi. Tukafika kwenye pigo la kumi, malaika anapita usiku akiua wazaliwa wa kwanza. Mjukuu wangu wa kike akaweka chini kadi yake.

"Nina swali ambalo halimo kwenye kadi," akasema. "Malaika wa kifo aliziruka nyumba za Waisraeli. Yetu mbona hakuiruka?"



Baba yake akajibu. Hilo ndilo lililoniua. Alijibu kwa upole, akaeleza ugonjwa, akaeleza kwamba uligundulika umeshasambaa, kwamba madaktari walifanya kila kitu, kwamba Mungu hafanyi kazi namna hiyo. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa linamfungia mtoto njia.

Mvulana akasema taratibu, "Baba, mpe tende."

"Sasa si wakati wa mchezo."

"Haukuwa mchezo," dada mtu akasema. Yai lake lilikaa kwenye maji ya chumvi bila kuguswa. Na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika tende, na haukutoka.

Baada ya chakula wana desturi ya kufungua mlango wa mbele kwa ajili ya Nabii Eliya, na kumjazia kikombe cha divai. Kila mwaka msichana alikwenda kuufungua yeye na mama yake, wameshikana viuno. Mwaka ule Wayahudi wa mji huu walikuwa na hofu, watu walikuwa wakiwaandikia matusi ukutani, na mkwe wangu alikuwa ameweka kamera juu ya mlango. Hata hivyo akasema, "Nenda, mwanangu, fungua kidogo tu."

Akaenda. Akafungua. Kisha akatoka, akapita bustani, akapita geti, na hakugeuka.

Baba yake akamkimbilia. Akarudi peke yake, uso umemshuka. "Amekaa pale kwenye kituo cha basi. Anasema nimwache."

Niliinuka kwa kushika meza. Nilipofika mlangoni nilimwona, chini ya taa ya barabarani, mgongo wake tu, mwembamba kama wa mama yake. Ngazi za pale ni za mawe na magoti yangu hayaziwezi. Nikatoa tende, nikainyoosha gizani, nikaita kwa nguvu:

"Mama! Njoo uchukue tende yako! Swali lako limetushinda wote!"

Mabega yalitikisika. Hakugeuka.

Nyuma yangu wimbo ulianza na kufa, kwa kuwa aliyebaki kuuimba ni mvulana peke yake. Upepo wa Aprili ukaingia, ukazima mshumaa mmoja. Mkwe wangu akaja akasimama ubavuni kwangu.

"Mama, tufunge sasa. Baridi inaingia. Na siku hizi si vizuri kuacha wazi hivi, unajua."

"Sifungi. Mjukuu wangu yuko nje."

Niliona ananiangalia kiganjani, ile tende, imeshaanza kuyeyuka na kunata vidoleni. Sasa ndipo alipokumbuka. Akafunika macho kwa mkono, akalia bila sauti, mwanamume mzima na kofia yake ya ibada kichwani. Nikamwacha alie. Mtoto hakusogea pale kwenye benchi. Basi likaja, likasimama, likaondoka, naye bado yupo, mgongo uleule.

Mkwe wangu akajifuta uso kwa leso ya meza.

"Ana ufunguo, Mama," akasema kwa Kiswahili cha marehemu, akiushika mlango polepole. "Ufunguo anao."

"Sifungi. Mjukuu wangu yuko nje."