Gurudumu la Nne

Mafuta ya papa yakiungua, harufu yake haiombi ruhusa. Inaingia puani, inakaa kwenye nguo, na ukienda kulala inalala na wewe. Juzi nilipita sokoni Palma, mama mmoja kayamwaga kidogo kwenye jiko la mkaa, watu wote wakaziba pua. Mimi nilisimama pale pale nikacheka peke yangu mpaka yule mama akaniuliza, "Dada, u mzima?" Nikamwambia ni mzima sana. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mute, nina miaka kumi, mikono imejaa grisi hadi viwiko.

Baba yangu alikuwa na trekta kuukuu na trela la magurudumu manne. Watu walimwita Mestre, yaani fundi mkuu kwa Kireno, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kusema. Mwaka ule, mvua zikiwa zimekaribia, mama hakuwa na neno jingine mdomoni ila Bibi Somoe, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi peke yake Nhica, karibu na mto Ruvuma. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Mara mbili alikuwa amejichoma akipika. Tulimbembeleza miaka miwili aje kwetu, akikataa, hadi siku moja akatuma salamu: atakuja, lakini haji bila kitanda chake, kinu chake na kuku wake watatu. Mwenyewe alijua kwamba hakuna gari la abiria litakalokubali mzigo huo. Ilibaki trela. Na mvua ya kwanza ikinyesha, tope jeusi la bonde lile linafunga njia miezi mitano. Miezi mitano, bibi asiyeona, peke yake na moto. Mama alikuwa akitazama mawingu kuliko alivyotazama sufuria.

Baba hakuwa mtu wa kukurupuka. "Haraka haraka haina baraka," alisema, akapiga jeki. Njiani kulikuwa na miteremko miwili ambayo huwezi kuikwepa, na trela zito likikosa breki huko linalisukuma trekta mgongoni. Basi alifungua magurudumu yote. Alitoa pini, akalegeza nati, akavuta ngoma ya breki, akaifuta vumbi, akapitisha kidole kwenye viatu vya breki kuona kama bado vina nyama. Beringi alizitia kwenye beseni la dizeli na kuzisugua kwa brashi mpaka zikang'aa. Kisha alinipa mimi. Kazi ya kuzijaza grisi ilikuwa yangu, wala sikumwachia mtu. Unaweka donge kwenye kiganja, unaikandamiza beringi juu yake, unaisukuma mpaka grisi itokeze upande wa pili, unazungusha, unarudia. Mama alinung'unika kwamba mtoto wa kike atanuka gereji, nani atamwoa. Baba akajibu, "Ataolewa na mwenye trela." Mimi nilijiona mkubwa kweli kweli.

Tulimaliza matatu. Baba akatoka kutafuta dizeli ya safari, akaniacha na Mjomba Bakari, kaka yake mama, fundi wa kukalafati vyombo, kuziba nyufa za majahazi, aliyekuja kutoka pwani kutusaidia kumchukua mama yake. Nikainuka kwa mbwembwe, nikalipiga teke kopo la grisi. Lote likaingia mchangani. Ole wangu! Grisi yenye mchanga inaila beringi kama panya na muhogo, hilo nilishafundishwa. Nililia. Mjomba, Mungu amrehemu, hakuweza kuona mtoto analia. Akafungua mfuko wake, akatoa shahamu ya ng'ombe aliyoichemsha na mafuta ya papa, ile ya kupaka matumbo ya vyombo. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Jahazi zima linakwenda Mtwara kwa hii, sembuse kigurudumu?" Nikaijaza beringi ya nne kwa shahamu. Tukafukia grisi iliyomwagika. Baba aliporudi alikuta kifuniko kishafungwa, akalizungusha gurudumu, likazunguka kimya, akanipiga begani kwa kunisifu. Sifa ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi yake tulipiga bismillahi tukaondoka. Baba na mjomba walikaa kwenye trekta, mimi na mama kwenye trela tupu. Tulipopita Palma na jua likaanza kuchoma, nikaisikia. Papa. Mama akasema, "Mbona kunanuka kama forodhani?" Nikajisogeza mbali na upande wa gurudumu la nne. Kabla ya mteremko wa kwanza baba alisimama kama desturi yake, akashuka kugusa vikombe vya magurudumu, penye beringi, kwa mgongo wa kiganja, vile vile alivyotugusa paji la uso tukiwa na homa. La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, sawa. Alipoinama kwenye la nne nilipiga ukelele: "Baba, usiguse! Utaungua!"

Nikasema yote, kopo, mchanga, shahamu. Mjomba alikuwa akitazama ndege ambao hawakuwepo. Baba alifungua, akakuta shahamu imeyeyuka kama samli na imechuruzika hadi kwenye viatu vya breki. Breki ile isingeshika hata baiskeli. Nilisubiri kofi. Akachuchumaa mbele yangu akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Umesema juu ya mlima, si chini yake. Haya, nawa mikono." Kisha akamgeukia mjomba: "Na wewe shemeji, kalafati chombo, trela niachie." Mama alicheka hadi akakaa chini.

Tuliosha kila kitu kwa petroli, tukasugua viatu vya breki kwa msasa, tukafungua magurudumu mengine matatu na kuchota kutoka kila moja grisi kidogo. Aliyeijaza beringi ile tena ni mimi. Tulishuka salama. Bibi tulimrudisha amekaa juu ya kitanda chake, kuku miguuni, akilalamika njia nzima kwamba trela la mkwe wake linanuka papa. Mvua ilianza siku ya pili baada ya kufika. Aliishi nasi miaka saba, wala hakugusa moto tena.

Trela lile halipo, lilipotea miaka ile tuliyokimbia vita. Sasa nina pikapu na trela dogo, napeleka matofali Quitunda na mizigo hadi Mueda. Beringi zinauzwa zimefungwa tayari na grisi yake ndani, barabara ni nzuri kuliko zamani, na vijana wa gereji hunicheka nikishuka kugusa magurudumu. Wacheke. Baba amezeeka, na macho yake yameshika njia ya macho ya bibi. Namchukua kila ninapoweza, anapenda ngurumo ya injini. Nikisimama, naye hushuka, namshika mkono, tunazunguka pamoja, anagusa la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne husita, mkono hewani.

"Zaina," huniuliza, "hili umetia nini?"

"Grisi, baba."

Hapo ndipo huweka mkono.